Mng'aro wa Fundi Lomuria

Jamaa zangu wa Kakuma, nanyi wa Lodwar mnaodhani ya Kakuma hayawahusu, tulieni kidogo. Nyumba ninayoitaja mnaijua. Mmeketi chini ya mti wake, mmekunywa chai yake, na pengine hivi sasa mkononi mwenu mna bangili iliyotoka humo. Aliyeiletea nyumba hiyo taabu hakuwa mlevi wala mwizi. Alikuwa mtu mwema aliyependa vitu ving'ae, na aliyependa zaidi kuambiwa kwamba vinang'aa.

Asubuhi ile Kakuma ilikuwa imetulia. Upepo haukuwa umeamka kuturushia mchanga wake, mbuzi walikuwa wakiteremka kwenye mto mkavu wa Tarach, na fundi Lomuria alikuwa ameketi kwenye kigoda chake chini ya mti wa mathenge, kisu kipya mapajani na tupa mkononi. Lomuria huyu hugeuza sufuria kuukuu kuwa bangili, na vipande vya shaba kuwa hereni. Wageni huja na kamera kumwona akisugua. Husugua kwa msasa, kisha kwa majivu, kisha kwa ngozi ya mbuzi, mpaka mtu aweze kujitazama humo na kuona chunusi zake.

Jikoni mkewe Akuwam alikuwa akikoroga chai huku akijisomea somo la Jumapili, kwa kuwa yeye ndiye msomaji wa kanisa lao. Alisoma vizuri, sauti yake ikiwa pana kama kitanda cha mto. Lakini kila alipofika kwenye nukta alijifunika mdomo kwa kiganja.

Ngoja niwaeleze kiganja hicho kilitoka wapi. Akuwam hakuwa na meno mawili ya mbele, ya chini. Bibi yake alimng'oa huko Kaaleng akiwa msichana, kama wenzake wote walivyong'olewa. "Siku taya likijifunga kwa ugonjwa," bibi alimwambia, "maziwa yatapita hapa." Pengo lile lilikuwa mlango wa uhai, na Akuwam alilibeba bila haya mpaka binti yao wa pekee, Natasha, alipofika darasa la sita. Siku ya wazazi mpiga picha aliinua kamera, na Natasha akamnong'oneza mamake, "Mama, funga mdomo. Wenzangu wataona."

Maneno matano tu. Mtoto aliyasahau kabla ya chakula cha mchana. Mama hakuyasahau. Tangu siku hiyo hakucheka bila kiganja, na miaka ilivyopita hata mumewe alizoea, akadhani ni mkao wake tu.

Sasa Natasha alikuwa anamaliza masomo ya uuguzi Lodwar, na mahafali yalikuwa yamebaki miezi mitatu.

"Ejok, fundi!" sauti iliita kutoka njiani.

Alikuwa Epuyo. Zamani Epuyo alikuwa akisafisha vyombo katika chumba cha daktari wa meno huko Eldoret. Aliporudi Kakuma alikodi kibanda karibu na soko, akachora mdomo mkubwa unaocheka mlangoni, na watu wakaanza kumwita Dokta. Hakuwahi kuwakataza.

"Ejok nooi, Dokta. Vuta kigoda."

Epuyo aliketi, akatazama tupa ikikwaruza chuma. "Wewe mzee, umeanza kuzeeka? Kisu kizuri hivi, mbona unakiharibu?"

Lomuria akacheka. "Hili ni shina lake, linaingia ndani ya mpini. Gundi haishiki kitu laini. Pa kuonekana napang'arisha, pa kushikwa napakwaruza. Hiyo alinifundisha baba yangu kabla sijaota ndevu."

Tafadhali shikeni maneno hayo vizuri, ndugu zangu, kwa sababu mwenyewe aliyaangusha palepale.

Epuyo alitoa mfukoni vichupa vidogo vya kioo vilivyofungwa. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na skrubu ndogo, fupi kuliko kucha ya kidole gumba, ya rangi ya kijivu iliyofifia, kana kwamba imepakwa chokaa.

"Hii ndio mizizi ya meno," alisema. "Inaingia kwa mfupa wa taya, halafu jino linakaa juu yake. Nimeipata Eldoret, mali ya ulaya kabisa. Lakini wateja wanakataa! Jana mzee mmoja ameniuliza, Dokta, unataka kunipigilia msumari wa kutu? Sasa nikasema, Kakuma hii kuna mkono mmoja tu wa kuondoa aibu hii."

Lomuria alifungua kichupa kimoja, akaimimina skrubu kiganjani, akaisugua kwa kidole gumba. Ilikuwa na ukwaruzo mwembamba kama ulimi wa ndama.

Swali lilimpanda hadi kooni: mbona mtu aliyeweza kutengeneza kitu kidogo na kizuri hivi akakiacha kikiwa na ukwaruzo? Fundi hajisahau namna hiyo. Alifungua mdomo aulize.

"Hizo bangili zako zinavaliwa mpaka Nairobi," Epuyo alisema. "Wewe ukiishika hii, itang'aa mpaka mwezi uone wivu."

Lomuria akaufunga mdomo. Sifa, jamaa zangu, ni chakula kisichotafunwa. Mtu humeza moja kwa moja.

Aliisugua skrubu ile asubuhi nzima. Kwanza vumbi jeupe lilidondoka kwenye magoti yake, vumbi laini lenye rangi ya mfupa, naye akalipuliza. Kisha chuma kikatokea, kikaanza kuwaka. Alipomaliza, Epuyo aliiinua juani akapiga mluzi. Siku ile ile akaleta nyingine tano, na baadaye nyingine nyingi.

Wiki zilizofuata mambo yalikwenda vyema, au yalionekana hivyo. Katika kambi waliko ndugu zetu kutoka Sudan Kusini, ambao nao wengi wao hung'olewa meno ya chini utotoni, habari zilienea kwamba Dokta anarudisha meno kwa siku moja. Wa kwanza alikuwa Santino, kijana mrefu aliyekuwa akingojea safari ya kwenda ng'ambo. Alipita kwa Lomuria akicheka mdomo wote, akampa mkono kwa heshima.

Baada ya wiki tatu alirudi, na safari hii hakucheka.

"Ya akhui, ndugu yangu," alisema, "hii meno inacheza."

"Inacheza vipi?"

Santino aliweka ulimi nyuma ya jino, akalisukuma. Likalala mbele, likarudi, kama mlango uliotoka bawaba. Ufizi ulikuwa mwekundu na ulikuwa na harufu.

"Umetafuna nini wewe, goti la ngamia?"

"Wallahi, ugali tu. Nimeenda kwa Dokta, anasema mimi nakula vibaya. Sasa nimekuja kwako. Wewe ndio fundi ya chuma. Niambie, chuma yako iko na shida?"

Lomuria aliukumbuka ule ukwaruzo alioufuta. Lakini walikuwepo watu watatu wakinunua bangili, na walikuwa wakimtazama.

"Chuma changu hakina shida," alisema. "Umewahi kuona kitu cha Lomuria kikiwa na doa? Rudi kwa Dokta wako. Na upunguze goti la ngamia."

Watu walicheka. Santino aliwatazama mmoja mmoja, akasema "Kalas, basi," akaondoka. Nami nisingewakumbusha kicheko kile kama wengine wenu msingekuwemo.

Siku chache baadaye Epuyo alileta skrubu mbili zaidi. "Hizi ni za bibi mmoja wa heshima," alisema akitabasamu kwa namna ya ajabu. "Zifanye kuliko zote."

Lomuria alizifanya kuliko zote. Alizisugua siku mbili. Hata alitania: "Huyo bibi akicheka, mumewe atafunga macho kwa mwanga."

"Atafunga," alisema Epuyo. "Hakika atafunga."

Mnajua tayari. Nilijua mngejua. Lakini Lomuria hakujua, na hapo ndipo uchungu wa hadithi hii ulipo.

Akuwam alianza kuvaa shuka lake mpaka puani. Msimu ulikuwa wa vumbi, na kila mwanamke Kakuma hujifunga hivyo. Tena mtu aliyezoea kuficha mdomo, nani atashangaa akiuficha zaidi? Alikunywa uji na kusema hana hamu ya ugali. Jumapili mwingine alisoma badala yake.

"Mama Natasha, unaumwa?" Lomuria aliuliza jioni moja.

"Koo tu, Baba Natasha. Litapoa. Lazima nifike Lodwar nikiwa mzima." Macho yake yalicheka juu ya shuka. "Kuna kitu nimemwekea mtoto wetu. Na wewe pia."

"Kitu gani?"

"Utakiona siku ya picha."

Lomuria alimsogezea kikombe cha maji ya chumvi, akarudi kwenye tupa yake.

Siku ya mahafali, alfajiri, Lomuria alivaa shati lake jeupe na kumwita mkewe. Hakuitikiwa. Alimkuta kitandani akiwa na homa kali, uso umevimba toka shavuni hadi shingoni, meno yameumana. Alijaribu kusema, ikatoka sauti ya mtu aliye ndani ya gunia. Taya lilikuwa limejifunga.

Ndipo Lomuria alipokumbuka bibi wa Kaaleng. Alikimbia jikoni, akajaza kijiko maziwa, akampakata mkewe kichwa. "Usiogope," alimwambia. "Pengo lako lipo. Bibi alijua." Akashusha shuka, akasogeza kijiko palipokuwa na mlango wa uhai tangu siku ya kwanza alipomjua.

Kijiko kiligonga kitu kigumu. *Ti.*

Maziwa yalimwagika kidevuni. Lomuria aliuvuta mdomo wa chini kwa kidole. Mlango ulikuwa umezibwa. Meno mawili meupe yalikuwa yamesimama pale, mapya, yamelegea, usaha ukichuruzika pembeni. Na pale ufizi ulipokuwa umeachana nayo, ndani kabisa, kitu kilimwakia kwa mng'aro. Aliujua mng'aro ule. Hakuna mkono mwingine Kakuma ungeweza kuutoa.

Sitaeleza sauti aliyotoa. Majirani waliisikia, na wao ndio waliokwenda kuomba gari la parokia.

Toka Kakuma hadi Lodwar, Akuwam alipumua kama mtu anayevuta maji kwa mrija uliopasuka. Lomuria alimshika kichwa dirishani apate upepo. Alihesabu pumzi zake, na kila moja iliyochelewa ilimzeesha mwaka.

Daktari wa meno aliyewapokea hospitalini Lodwar aliitwa Jepkoech, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Alimtazama mgonjwa mara moja, akaita wenzake, mlango ukafungwa. Lomuria alibaki kwenye benchi na shati lake jeupe lenye madoa ya maziwa. Kwa mbali aliweza kusikia vipaza sauti vya mahafali, vikisoma majina.

Daktari Jepkoech alipotoka, alikuwa na kisahani cha chuma mkononi.

"Atapona," alisema. "Uvimbe ulikuwa umeingia chini ya ulimi. Mngengoja hadi adhuhuri, usingemkuta na pumzi. Lakini mfupa wa taya umeoza mahali, na meno mawili ya kando yamekwenda pamoja na hizi." Aliinamisha kisahani. Skrubu mbili ziligongana humo, zikiwaka chini ya taa. "Mzee, nimefanya kazi hii miaka kumi na minne, sijawahi kuona kitu kama hiki. Skrubu hizi hutoka kiwandani zikiwa na ngozi. Chuma hukwaruzwa makusudi, kisha hupakwa madini ya aina ileile iliyo ndani ya mfupa. Mfupa ukiikuta ngozi hiyo huidhania ndugu. Huisogelea, huingia kwenye kila kimkwaruzo, hushika. Tena huachwa miezi mitatu au zaidi ushike kabisa kabla jino halijawekwa juu. Hizi zimevuliwa ngozi yote. Zimekuwa laini kama kioo, tena zimeshikwashikwa kwa mikono michafu. Sasa mfupa hauwezi kushika..."

"Kitu laini," Lomuria alimaliza.

Daktari alimgeukia. "Unamjua aliyefanya hivi?"

Hapa ndugu zangu naomba mkae naye kwenye benchi lile. Angeweza kusema Epuyo, na isingekuwa uongo. Epuyo ndiye aliyetoboa. Hakuna aliyekuwa amemwuliza habari za msasa na majivu. Kakuma yote ingemwonea huruma, Lomuria maskini, mke wake ameharibiwa na tapeli, na bangili zake zingeendelea kwenda Nairobi.

"Aliyetoboa anaitwa Epuyo," alisema. "Aliyevua ngozi ni mimi." Alitazama vidole vyake. "Na nilijua, daktari. Kila kisu ninachotengeneza nakikwaruza shina lake ili mpini ushike. Kidole changu kiliuona ukwaruzo ule na kikaniuliza. Nilikinyamazisha, kwa sababu nilikuwa nasifiwa."

Daktari Jepkoech hakumfariji. Alisema, "Wako wangapi wengine?"

"Kumi na mmoja."

"Basi usikae hapa ukilia. Utanitajia wote."

Akuwam alipokwisha kulazwa, mlango wa wodi ulisukumwa. Natasha aliingia akikimbia, joho lake jeusi likiburura vumbi la Lodwar, kofia mkononi. Majirani walikuwa wamempigia simu kabla hata jina lake halijasomwa. Alipita mbele ya babake bila kumwona, akapiga magoti kando ya kitanda. Akuwam alifumbua macho. Alipomtambua mwanawe aliinua mkono wenye sindano ya maji, kwa shida, akaupeleka mdomoni.

"Mama, mbona umefanya hivi?" Natasha alilia. "Nani alikwambia unahitaji meno?"

Akuwam hakuweza kusema vizuri. Alisema kidogo kidogo, na Lomuria aliyesimama mlangoni alisikia kila neno. "Picha. Darasa la sita. Ulinong'ona."

Ilimchukua Natasha muda kukumbuka. Alipokumbuka, uso wake ulianguka kama hema lililokatwa kamba.

Mpiga picha wa mahafali alikuwa amemfuata hadi hospitalini, kwa kuwa alishalipwa, na wapiga picha wana imani yao. Alisimama mlangoni bila kujua afanye nini. Natasha alijipangusa, akamwita, akaketi kitandani, akamvalisha mamake ile kofia ya mahafali kichwani. Kisha akaukamata mkono uliokuwa mdomoni, akaushusha, akaufungia ndani ya wake.

"Mama," alisema, "usifunge mdomo."

Picha hiyo ipo. Iko ukutani kwao, na akina mama wa kanisa huenda kuitazama. Mwanamke amevimba upande mmoja kama aliyeumwa na nyuki, kofia imemwangukia jicho, na katikati ya kicheko chake kuna pengo la meno manne.

Epuyo alitoroka kabla ya magharibi siku ileile, akaacha ule mdomo unaocheka mlangoni kwake. Polisi walimpata Lokori akiuza miwani. Lomuria alipoulizwa na polisi alisema yaleyale aliyomwambia daktari, bila kupunguza neno. Kisha, akifuatana na mhudumu wa afya, alitembea kambini na mjini nyumba kwa nyumba. Kwa Santino alianza. Kijana alikuwa ameling'oa jino la kwanza kwa vidole vyake mwenyewe, na la pili lilikuwa linaning'inia. Safari yake ilikuwa imeahirishwa mpaka kidonda kipone.

"Uliuliza kama chuma changu kina shida," Lomuria alimwambia mbele ya watu. "Nikakucheka. Kina shida. Shida ni mimi."

"Ya akhui," Santino alisema polepole, kwa kuwa mdomo ulimuuma, "goti la ngamia sijakula." Akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka.

Kumi walipatikana na kutibiwa. Wa kumi na moja, mzee aliyekuwa amerudi kwao upande wa Kerio, walimfuata wakakuta kaburi jipya. Wanawe walisema ni homa tu. Lomuria hakusema ni homa tu. Alikaa pale mpaka jua likapinda, na tangu siku hiyo hajasugua kitu bila kuliona kaburi lile.

Akuwam alirudi kusoma kanisani. Baadhi ya herufi zinamtoka kwa upepo, na watoto wa mstari wa mbele hupenda akifika kwenye jina la Yesu. Anasoma mikono yote miwili ikiwa imeshika kitabu.

FUNZO

Ndugu zangu, pengo si dhambi, na jino la kuwekewa si dhambi pia. Anayelitaka na aende kwa mtabibu aliyesomea, angoje miezi atakayoambiwa angoje. Ubaya ni haraka, na ubaya mkubwa zaidi ni kupenda kung'aa kuliko kushika. Si kila kilichofifia ni uchafu. Kuna mikwaruzo iliyowekwa na mwenye akili, na anayeifuta bila kuuliza huiondoa nguvu ya kitu chenyewe. Ukiwa fundi, na kidole chako kikakuuliza swali, usikinyamazishe kwa sababu kuna watu wanakupigia makofi. Ukiwa mteja, usidai msumari wako ung'ae mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Na ukiwa mtoto, angalia unachomnong'oneza mamako siku ya picha.

Mkipita kwa Lomuria mtaona skrubu moja imening'inizwa kwa uzi kwenye tawi la mathenge, ikiwaka juani. Msiisifu. Mpeni kazi yenu na mngoje. Kabla ya kugusa tupa atawauliza, kama anavyomwuliza kila mtu sasa, "Hiki kinaenda kushikwa na nini?"